Buu Asiyegeuka Nzi

Vumbi la unga hupanda kwanza. Ninapomimina unga wa mahindi kwenye sufuria kubwa, vumbi lake hupanda na kuning'inia kwenye mwanga wa dirisha la mashariki, jeupe, jepesi, lisilo na haraka. Hukaa hewani kama mtu anayeamua aketi wapi. Kisha hutua: kwenye nyusi zangu, kwenye mikono ya koti langu, kwenye ukingo wa dirisha.

Wewe hujawahi kuliona, Profesa. Miaka kumi na tisa ninapika uji wa nzi wako na hujaliona vumbi hili likiwa juu. Umeliona likiwa chini tu, ukauliza ni nani hajafagia.

Basi leo nitakusemesha, ingawa hupo. Hata ulipokuwepo hukuwepo.

Unga, sukari, hamira, maji, na ule unga mweupe wa kugandisha. Uji uchemke, upoe, umiminwe kwenye vichupa, ugande. Nzi wa matunda hula hapo, hutaga hapo, na mabuu wao hutambaa humo wakishiba na kunenepa. Vichupa mia tatu kwa siku. Nikizidisha moto, uji unaungua chini na chumba kizima kinanuka. Nikipunguza hamira, majike hawatagi. Hakuna aliyewahi kuniandika kwenye karatasi ya utafiti kwa sababu ya hamira. Sidai. Ninasema tu kwamba wanaoandikwa wote wamekula jasho la sufuria hii.

Mimi ndiye mtunza nzi. Wanafunzi huniita Mama Nzi. Zamani waliniita hivyo wakicheka, sasa huniita hivyo wakinitafuta. Kila siku ya kumi na nne ninawahamisha nzi wote, ukoo kwa ukoo, ili wasizame kwenye uji wao wa zamani. Kichupa cha zamani juu ya kipya. Gonga, nzi waanguke. Pamba irudi mdomoni upesi. Gonga, hamisha, ziba. Mikono yangu imeshajua. Hata ninapoota huwa inagonga.

Gonga, hamisha, ziba. Kazi ya maneno matatu, na wewe ulishindwa na la tatu.

Nina alama zangu, naandika kwa kalamu ya nta. Mstari mweusi: wamehamishwa leo. Nukta ya bluu: mabuu wako njiani, wasisumbuliwe. Msalaba mwekundu: chupa chafu, pamba ilidondoka, usiitumie hata kidogo. Alama hizo nilizirithi kwa mama aliyenitangulia, Mungu amlaze pema, naye alizirithi kwa mwingine. Kila mwanafunzi aliyewahi kushika kichupa kwenye chumba hiki alifundishwa alama siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo. Lakini wewe hukuwa na siku ya kwanza. Ulikuja moja kwa moja kwenye kiti.

*

Seli ina juu, seli ina chini.

Hilo nilifundishwa na Miwani. Ndivyo tunavyomwita yule binti, mwanafunzi wako wa uzamivu, mwaka wa tatu, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Miwani yake ni mikubwa kuliko uso na imefungwa uzi sikio la kushoto. Mchana mmoja alinivutia kigoda karibu na hadubini akaniambia, njoo uone, mama, miaka yote unawalisha na hujawahi kuwaona ndani.

Alimpasua buu kwa sindano mbili, akatoa kitumba kidogo cha bawa, kile ambacho siku moja kingekuwa bawa lenyewe, akakitia rangi. Nikainama. Nikaona kijani na nyekundu, na seli zimesimama safu moja, bega kwa bega, kama watu kwenye foleni ambayo hakuna anayemsukuma mwenzake. Kila moja ina kichwa chake juu na miguu yake chini. Kila moja inajua jirani yake yuko upande gani.

Nikamuuliza, nani anazisimamisha?

Akaniambia kuna protini, walinzi watatu. Wanakaa ubavuni mwa kila seli na kazi yao ni moja: kuzuia ya chini yasipande juu. Wala hawafanyi makuu. Hawajengi, hawaleti chakula, hawaamrishi mtu. Wanashikilia tu mpaka, na kwa kushikilia mpaka wanazuia uvimbe. Ukimwondoa mmoja, wawili waliobaki wanapotea njia, na seli inasahau juu ni wapi.

Halafu akaniwekea kitumba kingine, cha buu aliyezaliwa bila mlinzi mmoja.

Sikuona foleni. Niliona rundo. Seli zimepandiana, zimekanyagana, hazina kichwa wala miguu, kila moja inazaa na inayozaliwa inazaa tena, na hakuna hata moja inayokuwa bawa. Kulikuwa na nyama nyingi na hakukuwa na umbo. Dada yangu alikufa na kitu cha namna ile tumboni, na mpaka siku ile nilikuwa sijaonana nacho uso kwa uso.

Miwani akaniwekea mkono begani. Hakusema pole. Alisubiri tu mpaka nilipoinua kichwa, kisha akanieleza yanayompata buu huyo. Wenzake wakifika siku ya tano huacha kula, hupanda ukuta wa kichupa, hujifunga ndani ya ganda, hutoka na mabawa. Yeye hapandi. Anabaki kwenye uji, anakula, anakua. Siku ya saba, ya tisa, ya kumi na mbili, anavimba mpaka ngozi inang'aa na unaona maji ndani yake. Anakuwa jitu. Anakufa akiwa buu, mkubwa kuliko wote, hajawahi kuruka hata urefu wa unyoya.

Ndipo nilipokufahamu, Profesa. Nilikuwa nikijiuliza miaka mingi wewe ni mnyama gani.

*

Tazama ulivyokula.

Ulikula ofisi ya jirani yako alipostaafu, ukavunja ukuta, ukaweka zulia. Ukala chumba cha wanafunzi, ukawasukumia kwenye korido na kompyuta zao mapajani. Ukala majina: kila karatasi iliyotoka humu ilikuwa na jina lako mwishoni, pale panapokaa mkubwa, hata ya yule kijana aliyefanya kazi ile yote wakati wewe uko safarini na hukujua ameanza. Ukaongeza vyeo mlangoni mpaka fundi rangi akaniuliza kama ni mtu mmoja au ni familia.

Kiti chako kinazunguka. Sauti yako inaingia chumbani kabla yako. Ukija na wageni unapita katikati ya rafu ukisema nzi wangu, nzi wangu, na mkono wako unaelea juu ya vichupa bila kugusa. Mgeni mmoja alikuuliza mimi ni nani. Ulisema, huyu ni wa usafi. Nilikuwa nimeshika mwiko wa uji. Nilitamani uji uwe wa moto zaidi.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema waliotutangulia, lakini hawakutuambia kwamba debe likivuma sana hupewa ruzuku.

Sikukuchukia. Chuki ina heshima yake. Unamchukia mtu anayekutosha. Mimi nilikudharau, taratibu, kila siku, kama mtu anayetafuna karanga. Niliwasimulia wasafishaji wenzangu jinsi ulivyofungua hadubini kwa upande usiofunguka. Niliigiza mwendo wako jikoni na tukacheka hadi machozi. Nilishiba dharau. Hilo nalo nitalirudia, maana si sifa.

*

Sikiliza sasa ya chupa ya kumi na nne.

Ulikuwa na dawa yako ya magome. Ulisema ukiiweka kwenye uji, mabuu wasio na mlinzi watapona, seli zao zitakumbuka juu na chini, watapanda ukuta na kuwa nzi. Sikubishi kutafuta dawa. Ningekuwa na kitanda cha dada yangu mbele yangu ningepika magome ya dunia nzima. Miwani alikufanyia jaribio hilo miezi minane, kwa mikono iliyopasuka kwa spiriti, na kila wiki alikuandikia neno lile lile: bado.

Watu wa magazeti walipokuja ukataka picha. Miwani alikuwa kwao, baba yake ameunguzwa na cheche za kazi. Basi ukavaa koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, ukachukua mwenyewe kichupa cha kumi na nne cha jaribio lile, ukachomoa pamba ili kamera ione nzi vizuri. Simu yako ikaita. Ukatoka nje ukicheka. Pamba ukaiacha sakafuni.

Mimi ndiye niliyeikuta. Chupa wazi, na chumba cha nzi hakikosi nzi wa angani, wale waliowahi kutoroka na wanaoishi juu ya taa kama wapangaji wasiofukuzika. Nilihesabu watatu wakitambaa mdomoni mwa chupa, wengine walikuwa wameshaingia. Nikaziba. Nikachukua kalamu ya nta nikapiga msalaba mwekundu, mnene, kwenye kioo chenyewe. Nikaiweka pembeni nikisubiri Miwani arudi aitupe.

Gonga, hamisha, ziba. Hukuziba.

Siku ya tatu yake ulirudi peke yako kutafuta nzi wa kupiga picha nyingine. Ulipita mia mbili na themanini zisizo na msalaba ukaichukua yenye msalaba. Nilikuona kupitia kioo cha mlango. Uliinua ile chupa kwenye mwanga, ukatikisa kichwa kwa kuridhika, ukaondoka nayo ofisini kwako. Sikuelewa. Nilidhani unaitupa kwa niaba yetu, nikajisuta kwa kukuwazia vibaya.

Baada ya siku kumi na mbili ulitangaza kwamba wamepona.

*

Nikuambie jinsi mtoto mdogo angejua kwamba hawakupona.

Nzi wa ukoo ule waliofikia utu uzima wote wana mabawa yaliyopinda, kama karatasi iliyolowa ikaanikwa. Mabawa hayo ni alama tuliyowapa: aliyepinda amebeba jeni moja mbovu na moja nzima, ndiyo maana yu hai. Aliyebeba mbovu mbili anakufa akiwa buu jitu. Kwa hiyo ndani ya chupa ile nzi mwenye mabawa yaliyonyooka ni wa aina moja kati ya mbili. Ama ni mgonjwa aliyepona kwa muujiza, ama ni mgeni aliyeingia mlangoni.

Wewe uliona mabawa yaliyonyooka ukaona muujiza. Mlango hukuufikiria, kwa kuwa mlango ulikuwa wewe.

Miwani aliporudi hakupiga kelele. Alichukua arobaini kati ya hao walionyooka, akamwoza kila mmoja na aliyepinda, chupa moja moja, kwenye uji wangu mtupu usio na magome. Mzazi hawezi kuwapa watoto asichonacho, aliniambia. Kama kweli hawana mlinzi, nusu ya watoto wao watakuwa majitu. Tulingoja pamoja. Siku ya tano mabuu walipanda ukuta. Wote. Siku ya kumi wakatoka na kuruka. Chupa arobaini, na hatukupata jitu hata moja.

Walikuwa wageni, Profesa. Wazima tangu kuzaliwa. Wapangaji wa kwenye taa.

Alikuletea matokeo kwa heshima zote, akabisha hodi, akasimama. Ulimwambia kwamba amechanganya chupa kwa uzembe. Ulimwambia karatasi imeshaandikwa, jina lake limo, atie sahihi. Alikataa. Ukamwandikia barua: uzembe, utovu wa nidhamu, kuharibu matokeo ya maabara. Kamati ya watu watano ingekaa baada ya wiki mbili, na ukishinda wewe, yeye anafukuzwa, mwaka wa tatu, bila shahada, bila barua ya kumpeleka kwingine.

Na bango lako likatundikwa kwenye korido, refu kuliko mimi. Wewe umesimama, koti lina mikunjo, meno yote nje. Mkononi umeshika chupa ya kumi na nne kuelekea kwenye mwanga. Na kwenye kioo, umekuzwa mpaka umekuwa mkubwa kama kiganja cha mtu, msalaba wangu mwekundu.

*

Hapa ndipo dharau yangu iliponinyea mkononi.

Nilisimama mbele ya bango nikacheka. Nilicheka kimoyomoyo mchana kutwa. Niliwavuta wasafishaji mmoja mmoja nikawaonyesha: tazameni, msomi wetu amepigwa picha na takataka. Nilipita pale mara nne kwa siku kwenda kulitazama, na kila mara nilirudi jikoni nimenenepa kidogo. Ulikuwa utani mtamu kuliko yote niliyowahi kupata, na ulikuwa wangu peke yangu.

Miwani naye aliuona. Alikuja jikoni siku ile ile, akafunga mlango.

"Mama, ule msalaba si wako?"

Alihitaji neno moja. Alikuwa ameshafikiri yote. Angeutaja msalaba mbele ya kamati, ungemjibu kwamba ameuchora mwenyewe ili kukuharibia. Aliyeupiga ndiye aliyepaswa kusema ameupiga lini na kwa nini.

Nami nilibakiza miaka miwili nistaafu. Niliwaza barua utakayoniandikia mimi. Nikakoroga uji ambao hauhitaji kukorogwa.

"Mimi ni mpika uji tu, mwanangu," nikasema. "Mambo ya kamati siyawezi."

Hakunilaumu. Alifuta miwani yake kwa ncha ya koti, akasema sawa mama, akatoka. Alivyofunga mlango ndivyo anavyofunga kichupa, polepole, ili asimbane mtu.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nimeisema methali hiyo mara nyingi nikidhani ni busara. Siku kumi na moja niliokoa ubawa wangu. Nilipika, niligonga, nilihamisha, niliziba. Sikupita tena kwenye bango. Usiniulize kwa nini; nilikuwa nimejua kwamba waliopo pale pichani ni wawili, wewe unayeonekana na mimi niliyeandika kwenye kioo kisha nikanyamaza. Wewe hukujua juu wala chini. Mimi nilijua, na nilikaa chini kwa hiari yangu. Kati yetu wawili sijui nani buu zaidi.

Siku ya kumi na mbili nilikuta chupa arobaini za Miwani zimeoshwa na kupangwa, kavu, midomo chini. Juu yake kulikuwa na kikaratasi: asante kwa uji. Alikuwa anaaga; kamati ilikuwa inakaa siku ile ile.

Nilizima jiko. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kuzima jiko sufuria ikiwa nusu.

*

Chumba cha kamati kina meza ndefu na viyoyozi viwili, kimoja kibovu. Sikuitwa. Niliingia nikiwa na koti langu lenye unga, na karani wa mlangoni alidhani nimeleta chai.

Walikaa watano. Wawili nawajua tangu hawana mvi: mwenyekiti mwenyewe, ambaye ni mama mwenye sauti ya chini, na bwana mmoja mrefu wa idara ya pili. Wote wawili nimewafundisha kugonga. Mwenyekiti alivunja vichupa sita wiki yake ya kwanza, nikamfichia. Miwani alikuwa kwenye kiti cha peke yake, mikono magotini. Wewe ulikuwa unazungumza. Ulikuwa unasema vijana wa siku hizi hawana umakini.

Nikawaamkia. Nikasema samahani wakubwa, mimi ndiye mtunza nzi, na nina swali moja kwa Profesa, kisha nitarudi jikoni. Ulicheka. Ulimwambia mwenyekiti kwamba huyu ni wa usafi. Mwenyekiti akakujibu kwamba ananifahamu, akaniambia niulize.

Nilitazama nakala ya bango lako, uliyokuja nayo na kuisimamisha ukutani kama shahidi.

"Profesa, ile alama nyekundu kwenye chupa maana yake ni nini? Na ilikuwepo ulipoichukua?"

Hukufikiri hata kidogo. Hukuona shimo, wewe hujawahi kutazama miguuni pako. Uligeuka kwa kamati ukiwa na lile tabasamu la wageni.

"Ilikuwepo, ndiyo maana niliichagua. Ndiyo alama ya chupa bora. Ni utaratibu wa maabara yangu."

Kiyoyozi kibovu kikadondosha maji. Bwana mrefu alishusha uso akaanza kuyatazama makaratasi yake, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Hakukutazama kwa hasira. Alikutazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa nyumbani kwake miaka mingi ndipo akagundua hajui mlango wa jikoni uko wapi.

"Profesa," akasema, "kwenye chumba kile, msalaba mwekundu ni chupa chafu. Nimeujua nikiwa na miaka ishirini na miwili."

Basi nikasema yangu: siku, saa, pamba sakafuni, nzi watatu mdomoni, mkono wangu uliopiga ule msalaba. Nikasema pia kwamba binti huyu aliniomba nikaseme na nilimkatalia, na kwamba uoga ule uandikwe kwa jina langu, usiandikwe kwa lake. Karani aliandika. Wewe uliyasukumia makaratasi yako pembeni kama sahani. Kwa mara ya kwanza nilikuona umekula umeshiba.

Asiyejua maana haambiwi maana. Nilikuwa nimeiweka methali hiyo ulimini tangu asubuhi nikutupie. Nikamtazama Miwani. Alikuwa ameinama na mabega yanamtikisika, nikaona methali haina kazi pale. Nikaenda kumshika mkono.

*

Hukuanguka, tusidanganyane. Watu wa kimo chako hawaanguki, huhamishwa. Karatasi imerudishwa, barua imefutwa, Miwani amepewa msimamizi mwingine, na wewe umepewa jengo jipya ng'ambo ya uwanja, lenye ofisi kubwa kuliko ile. Utaendelea kunenepa. Unang'aa tayari. Nimekutana nawe getini juzi, ukanitazama kana kwamba unajaribu kukumbuka mimi ni wa nini.

Wala sina haja ya kukudharau tena. Nimejaribu, kwa mazoea, jikoni wakiwepo wenzangu. Niliigiza mwendo wako hatua mbili, mguu ukakataa. Kucheka nilikocheka mbele ya bango kulikuwa uji wangu mimi. Nililala humo nikinenepa huku mtoto wa watu anazama pembeni yangu. Kukudharau hakukuwa kupanda ukuta.

Seli ina juu, seli ina chini, na walinzi wake hawafanyi makuu. Wanashikilia tu mpaka. Siku kumi na moja mmoja wao alitoka kwenye nafasi yake, na alijiita mpika uji tu.

Leo asubuhi nimemimina unga kama kawaida. Bango lako wameliondoa kwenye korido, na pale lilipokuwa ukuta umebaki na mstatili mweupe, safi, urefu kunizidi mimi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Vumbi likapanda, likaning'inia kwenye mwanga wa dirisha la mashariki, halina haraka.

Miwani alikuwa mlangoni na wanafunzi wawili wapya, siku yao ya kwanza. Alisimama akalitazama vumbi likiwa bado juu. Akawaambia waingie polepole wasilitimue. Kisha akaniomba kalamu ya nta, akawaonyesha mweusi, akawaonyesha bluu, na alipofika kwenye nyekundu akanipa mimi kalamu.

"Hii atawaeleza mwenyewe," akasema.

Nikawaeleza. Tulipomaliza, vumbi lilikuwa limeshashuka: kwenye nyusi zao, kwenye mabega yao, na kwenye miwani ya yule binti, mpaka akawa haoni, akaivua akicheka.